Chapisho Lenye Jina Langu

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa maabara, mliniomba niwaandikie kurasa chache juu ya namna ya kupata chapisho. Mliona mimi ndiye wa kuulizwa kwa kuwa jina langu limo kwenye jarida la kisayansi, na karibu nusu yenu mna shahada ya kwanza mkononi na mnaomba nafasi ya kusomea udaktari. Kila fomu siku hizi inamuuliza mwombaji amechapisha nini. Mlinipa daftari jipya na kalamu mbili, mkasema, "Mzee Jilala, usituache hivi hivi." Nimekaa na daftari hilo miezi minne. Leo naandika, ila sijui kama mtanishukuru.

Vyeo na mishahara sitavieleza. Nilianza kazi nikitazama kinyesi kwenye hadubini na nimestaafu nikitazama kinyesi kwenye hadubini. Katikati hapo walibadilisha jina la kazi mara tatu, na kila mara tulikula pilau.

Nilifika Bariadi nikiwa kijana mwembamba mwenye cheti kipya, wakati huo mkoa wetu wa Simiyu haujazaliwa na bado tuko chini ya Shinyanga. Maabara ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, jirani na stoo ya magodoro. Bosi wangu wa kwanza, na kwa kweli bosi wangu pekee niliyemwogopa, alikuwa Mzee Mabula, mtu mfupi aliyefanya kazi amesimama. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo hadubini yetu ilitumia kioo na mwanga wa jua. Asubuhi tuliweka meza kwenye dirisha la mashariki, mchana tukaibeba watu wawili hadi la magharibi. Saa sita tulipumzika kwa sababu jua lilikuwa juu ya bati na halikuwa na msaada kwa mtu yeyote.

Siku yangu ya kwanza Mabula alinipa damu ya mgonjwa aliyekuwa akitetemeka pale kwenye benchi. Nikaitazama, nikaandika kuwa ana malaria kali. Mabula akainama kwenye hadubini, kisha akainuka.

"Umewaona hao wadudu," akaniuliza, "au umemwona mzee anatetemeka?"

Nikasema nimewaona.

"Nionyeshe."

Nilizungusha slaidi ile mpaka shingo ikauma. Hapakuwa na kitu. Akaichana karatasi yangu vipande vinne na kuvitia mfukoni mwa koti langu mwenyewe, nikatembea navyo siku nzima. Nilimchukia mpaka jioni, kisha nikaanza kumpenda.

Mabula alikuwa na mtindo wake wa kusoma slaidi ambao vitabuni haumo. Ninyi mnasoma kwa namba, ya kwanza hadi ya mwisho, kama mlivyofundishwa. Yeye alizipanga kwa kaya. Baba, mama, watoto, bibi, wote mstari mmoja mezani, hata kama walikuja siku tofauti. Alisema ugonjwa huingia nyumbani kupitia mlangoni, na mlango ni mmoja. Mwaka mmoja walitujia watu watano wenye kuhara damu, kila mmoja na siku yake, na hakuna daktari aliyewaunganisha. Mabula akawapanga mstari mmoja, akaona ni wa boma moja la wakulima wa pamba, akapanda baiskeli akaenda. Choo chao kilikuwa juu, kisima kilikuwa chini. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akanawa, akaendelea na kazi. Mimi nikaushika mtindo ule na sikuuacha hadi nastaafu. Mmenicheka sana kwa hilo, najua.

Mabula alistaafu, akarudi Maswa, na miaka michache baadaye tukaenda kumzika. Nikabaki mimi ndiye mzee.

Kisha mkoa ukazaliwa, lami ikafika, na juu ya lami wakaja wahitimu. Walitoka miji mikubwa na mikoba ya kompyuta, kila mmoja na barua ya utambulisho na haraka yake. Walihitaji chapisho kabla dirisha la maombi ya udaktari halijafungwa. Sikuwachukia. Mmoja, kijana mstaarabu mwenye miwani, aliniuliza kwa adabu zote, "Mzee, huku kwenu ni ugonjwa gani ambao hauchukui muda?" Nikamwambia ajaribu kichaa cha mbwa. Aliandika kwenye daftari lake, ikanibidi nimwambie natania.

Niliwasomea slaidi, niliwatafutia wakalimani vijijini, wengine niliwalaza nyumbani kwangu. Walipata machapisho yao na nafasi zao. Mmoja alinitumia nakala. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, waliishukuru timu ya maabara. Timu ilikuwa mimi. Sikuona uchungu mkubwa, lakini nisiwadanganye, niliona. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtoto hata mmoja wa huku aliyepanda ngazi ile. Vinyesi vilikuwa vya watoto wetu na madaktari walikuwa wa watu wengine.

Ndipo akaja Minza.

Baba yake analima pamba huko Sola. Minza alikuwa na shahada ya kwanza ya biolojia, aliomba udaktari hapa nchini mara mbili na mara zote mbili akakosa nafasi. Akaja maabara kujitolea bila kulipwa, akawa anaosha slaidi. Mimi na mke wangu tuna watoto wa kiume watupu, na hakuna aliyetaka kazi yangu. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba nanuka. Minza hakuogopa harufu. Alikuwa na mikono iliyotulia, na akikosea alirudia kabla hujamwambia. Alianza kuniita baba ndani ya wiki ya kwanza, nami nikaitika.

Baadaye alipata habari za chuo kimoja cha udaktari nje ya nchi, kinachochukua wahitimu wa shahada ya kwanza na kuwasomesha bure. Sharti moja lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito: mwombaji awe na utafiti uliochapishwa, yeye akiwa mwandishi wa kwanza. Alinionyesha kwenye simu yake. Tukachagua kichocho cha tumbo. Nanyi mnakijua, lakini nikumbushe kwa ajili ya mwingine atakayesoma: vijidudu hukaa majini, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia kuoga au kunywesha ng'ombe, kisha hutaga mayai ambayo hutoka na kinyesi. Yai lake lina mwiba ubavuni, huwezi kulikosea. Mtoto anaweza kuonekana mzima miaka mingi huku ini linakauka.

Alichagua kijiji kimoja cha kando ya ziwa, jina lake nalificha. Alikwenda na wasaidizi wawili. Jioni waliacha vikopo vya kuwekea kinyesi kwa kila kaya, kimoja kwa kila mtoto wa umri wa shule, jina limebandikwa. Kesho yake saa mbili asubuhi wakapita kuvichukua. Vilirudi vyote. Wale wahitimu wa mjini walikuwa wakipata nusu, wakishukuru Mungu. Minza alirudi anang'aa. "Baba, hakuna aliyetunyima," alisema. "Hata mmoja."

Matokeo yalikuwa ya ajabu: kijiji kiko mdomoni mwa ziwa na watoto karibu wote ni wasafi. Jarida lilipenda. Majarida hupenda ajabu. Wahakiki wakajibu kwamba wako tayari kukubali, ila kwa kuwa matokeo yanashangaza, mtaalamu mzoefu ahesabu upya sehemu ya slaidi na kutia saini kwamba yanalingana. Mtaalamu mzoefu nilikuwa mimi. Kwa kazi hiyo Minza akaniandika mwandishi wa pili. Zilikuwa zimebaki wiki tatu dirisha la maombi lifungwe.

Nilizichukua slaidi zile na, kwa mazoea, nikazipanga kwa kaya.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya watoto watano, wakiwemo mapacha wa miaka kumi, Kulwa na Doto. Nikasoma slaidi ya Doto. Hakuna kichocho, kuna mayai machache ya mchango, na vipande vingi vya ngozi ya nyanya. Nikasoma ya Kulwa. Hakuna kichocho, mayai ya mchango, ngozi ya nyanya. Nikasoma ya mkubwa wao. Nyanya. Nikasoma ya anayefuata, nayo nyanya. Nilipomaliza ya tano nilivua miwani nikaifuta, nikaanza upya. Watoto watano hawawezi kuwa na tumbo moja. Nikahamia kaya ya pili, ya tatu, ya nne. Katika kaya nyingi ilikuwa hivyo hivyo: majina mengi, mtoto mmoja. Minza na wenzake walisoma kwa namba, slaidi za ndugu zikiwa zimetawanyika kwenye masanduku matatu, na hawakuweza kuona.

Nilimwita, nikamwachia kiti. Alisoma slaidi zote tano. Kisha akasema, "Twende."

Tulikwenda kesho yake kwa pikipiki yangu, tukapitia Lamadi, tukafika kwa mama yao wale mapacha. Alikuwa anaanika mihogo juani.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, daktari. Karibuni. Mmerudi! Binti, wewe si ndiye wa vikopo?"

Tulipewa vigoda na maji. Minza ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama watoto wote watano walijaza vikopo vyao wenyewe.

Mama Kulwa alicheka. Hakuwa na haya hata kidogo, na kwa nini awe nayo? "Wangejazaje? Mlikuja saa mbili. Saa kumi na moja wao wameshatoa ng'ombe, wako mbugani huko, wanarudi giza likiingia. Alikuwepo Doto peke yake, maana ndiye anayeshika mtoto mdogo."

"Sasa vile vikopo vingine, mayu?"

"Doto alijaza vyote. Nilimkazania kweli, mtoto wa watu, akajikamua." Akatutazama kwa zamu, kana kwamba sisi ndio tuna matatizo. "Mmetoka Bariadi na jua lote hili, ninyi ni wageni wangu, niwarudishe na vikopo vitupu? Watu wangesema nini? Na hata hivyo wote hawa ni wa nyumba moja, wanakula chungu kimoja. Kilichomo tumboni mwa Doto ndicho kilichomo kwa Kulwa."

"Majirani nao walifanya hivyo?"

"Nani angekubali kuaibika peke yake?"

Niliuliza ng'ombe wananyweshwa wapi. Akaonyesha kwa kidevu, kule chini kwenye matete, ambako maji ya ziwa yanaingia na kutulia. Watoto huingia nao majini hadi kifuani, alisema, la sivyo ng'ombe hawanywi vizuri. Doto yeye haendi huko, hutumia maji ya bomba la kijiji.

Kwa hiyo tulikuwa tumepima watoto wasiogusa ziwa, tukawapa majina ya wale wanaoishi ndani yake.

Njiani Minza aliniomba nisimame. Alishuka, akakaa kwenye ukingo wa barabara, pembeni ya shamba la pamba, akalia kwa sauti bila kujali wapita njia. Kisha akajifuta na kanga, akasema, "Nitawaandikia leo. Nitaliondoa."

Hebu lisomeni hilo mara mbili, vijana. Yeye alisema ataliondoa. Sikumwambia mimi, wala hakuniomba ushauri. Mimi ndiye niliyemwambia, "Subiri, mwanangu."

Nikampa sababu. Kurudia kungetaka kibali kipya, na cha zamani kilikwisha muda. Wiki tatu zisingetosha hata kukaushia slaidi. Nafasi ile haitarudi, na miaka yake ilikuwa inakaribia ukomo wa umri waliouweka. Nikamwambia wale wa mjini pia data zao zina matundu na leo ni madaktari. Nikamwambia, na hili ndilo nililoliamini kuliko yote, "Ukiwa daktari utarudi hapa, utawatibu watoto hawa na wengine elfu. Ukiliondoa, utarudi Sola kupalilia pamba, na nani atakuwa amepona?"

Alinitazama usoni. "Baba, wewe unaona sawa?"

"Naona sawa."

Akapanda pikipiki.

Fomu ya wahakiki ilikuwa na swali moja tu: je, hesabu yako inalingana na ya msomaji wa kwanza? Ililingana. Sikuandika uongo hata neno moja, na nadhani hilo ndilo lililonifanya niweze kulala. Nikatia saini.

Chapisho lilitoka. Minza alikubaliwa. Baba yake alichinja ng'ombe, nikakalishwa meza kuu na watu wakanishika mkono kama mimi ndiye niliyezaa. Chapisho nililiwekea plastiki na mke wangu akaliweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Nilikuwa nikilitoa wageni wakija. Sasa naona aibu kuandika hilo, lakini nilifanya hivyo, na mara nyingi.

Miaka kama miwili baadaye niliitwa kwenye kikao cha kupanga vijiji vya kipaumbele vya dawa ya kichocho. Dawa hazitoshi, hazijawahi kutosha, kwa hiyo lazima wengine waachwe. Mtaalamu kijana akasimama na orodha na kusema kijiji kile kinaweza kuondolewa, maana upo utafiti uliochapishwa. Mbele yangu palikuwa na chai na maandazi mawili. Nilikula andazi. Nililitafuna polepole sana hadi wakaingia kwenye ajenda nyingine. Kama mnataka kujua ni wapi hasa nilipopotea, ni hapo, kuliko hata kwenye saini.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, ninyi mlikuwepo, aliletwa mvulana mkubwa kwenye machela. Tumbo limejaa, miguu mikavu, shati lina damu aliyotapika. Mama aliyekuwa pembeni yake alinitambua kabla sijamtambua.

"Daktari wetu!" akasema, na uso wake ukatulia kabisa. "Afadhali ni wewe. Huyu ni Kulwa. Wewe si ulimpima?"

Nilisema ndiyo.

"Mlisema hana kitu. Alipoanza kuvimba, watu wakaniambia mpeleke akapimwe kichocho, nikawaambia huyu alishapimwa na wataalamu, majibu yakaja kijijini, mtendaji akatusomea mkutanoni. Nikampeleka kwa waganga. Miaka miwili nimezunguka kwa waganga." Akashusha sauti. "Ni nini, daktari?"

Mnakumbuka nilikataa mtu mwingine aiguse sampuli ile. Niliandaa slaidi mwenyewe, nikaweka jicho. Sikuhitaji kutafuta. Mayai yalikuwa kila mahali, na kila moja na mwiba wake. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa, si kwa wingi, macho yalikuwa yamejaa machozi. Mmoja wenu aliniuliza kama dawa ya kuoshea slaidi imeniingia jichoni. Nikasema ndiyo.

Kulwa alipewa rufaa kwenda Mwanza. Mishipa iliyomtapisha damu ilipasuka tena wakiwa huko. Alikufa siku ya tatu, akiwa na miaka kumi na sita. Pacha wake Doto ni mzima, ameolewa, nasikia ana mimba.

Nilikwenda mazikoni. Niliazimia kumwambia mama yake. Nilikuta watu wengi, akanipisha kwenye mkeka, akanishukuru, "Wabeja, daktari, umekuja kutoka mbali." Nikashindwa. Nilikaa pale hadi jioni nikila ugali wa msiba wa mtoto yule.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Minza. Yuko mwaka wa mwisho, amebakiza miezi. Nilimweleza yote bila kupunguza. Nilipomaliza nikamwita.

"Minza?"

"Nipo, baba." Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtu mzima. "Unataka nifanye nini?"

"Tuliandikie jarida. Tuliondoe. Kijiji kirudishwe kwenye dawa."

"Wakiliondoa watanifukuza. Niliingia kwa chapisho lile. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Nilitaka kuliondoa pale barabarani, nikiwa sina cha kupoteza isipokuwa ndoto. Ukaniambia nikiwa daktari nitawatibu elfu. Miaka yote hii nimeishi kwa maneno yako hayo, baba. Nimejifunza kuyaamini. Sasa nimebakiza miezi niwe huyo daktari, unaniambia niache?" Kisha akaongeza, "Niambie tu, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Yule mmoja aliyekufa na wale elfu, ninyi wazee mnawapimaje?"

Lile swali nililijibu mimi mwenyewe miaka ile, haraka, nikiwa juu ya pikipiki, na sasa nilikuwa sioni hata nilianzia wapi. Nikamwambia asome, afanye mitihani yake. Akakata simu. Hajapiga tena, na nikipiga haipokelewi. Jarida nalo nililiandikia peke yangu; walinijibu kwa heshima kwamba ombi kama hilo huletwa na mwandishi wa kwanza.

Basi wiki mbili baada ya ninyi kuniaga nilivaa suti ya kustaafia nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ile inayopanga orodha ya dawa. Nilikuta ofisa mpya, kijana mwenye adabu, na wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo pembeni yake. Aliniinukia, akaniwekea kiti. Nikamwambia kijiji kile kina kichocho kikali, watoto wachungaji wanakufa, nimeona kwa macho yangu, wakirudishe kwenye orodha. Nilikuwa nimepanga kuanza na kosa langu, lakini mbele ya wale wanafunzi nikaona nianze na watoto, la kwangu nitalisema mwisho.

Alinisikiliza vizuri sana. Aliandika hata kidogo. Kisha akasema, "Mzee, nakuheshimu, na naamini umeona ulichokiona. Lakini mimi siwezi kupeleka juu maneno ya mdomo. Ningekuwa na chapisho linalosema hivyo, ningekirudisha leo. Lililopo linasema kinyume." Akabonyeza kompyuta, akaigeuza inielekee, nikaliona lile lile nililoliwekea plastiki. "Hawa waliingia kijijini nyumba kwa nyumba. Hakuna kaya iliyowanyima. Na ilihesabiwa mara mbili."

Akaanza kusoma majina ya waandishi kwa kidole. Kwenye la pili kidole kikasimama. Akanitazama, akalitazama tena, na uso wake ukachanua.

"Kumbe ni wewe mwenyewe!" Akawageukia wale wanafunzi. "Inukeni, msalimieni mzee. Mnaona? Mtu wa hapa hapa Simiyu, na kazi yake tunaitumia hadi leo." Wakainuka, wakanishika mkono kwa mikono miwili, na mmoja wao, binti, akaniomba namba ya simu kwa sababu naye anaomba kusomea udaktari na anatafuta mtu wa kumwongoza apate chapisho.

"Hongera sana, mzee," akasema ofisa.

Nikasema asante.